Maji Chini ya Mawese



Ndugu zangu wasomaji, ninyi mnaosoma kompyuta mnaujua ule msemo wa fani yetu: "kosa la mtumiaji." Programu ikileta balaa, tunatazama nani alibonyeza nini, tukiona kidole kilikwenda pasipo pake tunafunga faili na kwenda kula. Mimi niliutamka msemo huo mbele ya wanawake 18 waliokaa kwenye mkeka mjini Rumonge, baada ya swala ya alasiri, na binti mmoja akalia kwa sababu yangu. Naandika makala hii kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi, hata na akhawati wa jumuiya yetu, kwa nini siku hizi nabishana sana darasani kuhusu ukubwa wa herufi.

Mimi ni mzaliwa wa Rumonge. Asiyepajua, akitoka Bujumbura ashike barabara ya kusini, ziwa likiwa kuliani kwake, apite Kabezi, Magara na Minago, mpaka michikichi ianze kusongamana pande zote na harufu ya ndagala iingie kwenye gari. Hapo amefika. Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu, Waislamu ni wengi, na uchumi wetu unaeleweka bila mhadhara: wanaume huingia ziwani usiku wakati hakuna mbalamwezi, wakiwa na taa za kuvutia samaki, alfajiri wanawake hununua, huanika, huuza. Wengine huuza mawese. Shangazi yangu hufanya yote mawili.

Shangazi na wenzake wana kikundi cha akiba. Kila Alhamisi kila mmoja hutoa faranga 5,000, na mwenye shida hukopeshwa bila riba. Hesabu ilikuwa kwenye daftari la shule, lile la mistari. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia kwenye nyumba za pwani, daftari lilikuwa ndani ya nyumba mojawapo. Walilianika juani pamoja na ndagala, lakini wino ulikuwa umeshakimbia. Shangazi akanipigia: "Mwanangu, si unasoma mambo ya simu? Tutengenezee daftari lisilolowa."

Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kazi yoyote ya chuo. Niliunda programu kwa wiki sita. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya maji wakati wa magharibi na mtumbwi mmoja mweusi katikati. Juu ya picha kulikuwa na alama nne za duara, zinazong'aa kama vigae. Mwanzoni kila alama ilikuwa na neno chini yake. Nikayatoa maneno. Yalikuwa yanaharibu picha. Mshale unaoingia ulikuwa mchango, unaotoka ulikuwa mkopo, unaojikunja kurudi ulikuwa malipo ya mkopo, na alama ya nne ilikuwa ya kusoma hesabu. Mkopo niliupa rangi ya kijani cha bahari, malipo nikayapa kijani cha majani. Herufi za majina zilikuwa nyembamba, za kijivu hafifu, kama zilivyo katika programu za wenzetu wakubwa. Siku ya kuonyesha kazi zetu, katika ukumbi wenye mapazia, wanafunzi walipiga makofi na mwalimu akasema ni kazi ya kuajiriwa.

Huko Rumonge mambo yalikwenda vizuri kwa miezi miwili. Katibu wa kikundi, binti wa miaka 20 hivi anayesoma na kuandika vizuri, ndiye aliyeshika simu.

Kisha mama mmoja muuza mawese, aliyekuwa amekopa faranga 60,000 kununua bidoni zake, akarudisha deni lote siku moja. Katibu akabonyeza, pesa zikaingia kisandukuni. Alhamisi iliyofuata hesabu iliposomwa kwa sauti, simu ilisema mama yule anadaiwa 120,000. Akasema: "Nimelipa." Simu ikaangaliwa tena. Ilikuwa pale pale, jina lake na tarakimu, zimepangwa kwa utulivu. Mmoja akasema kwamba mtu husahau lakini simu haisahau. Mwingine hakusema kitu, akasogea kidogo kwenye mkeka. Mama muuza mawese aliinuka, akatikisa kanga yake, akaenda zake. Alhamisi iliyofuata hakuja.

Kisanduku huhesabiwa mwisho wa mwezi. Kilipofunguliwa, kilikuwa na faranga 120,000 zaidi ya zile ambazo simu ilisema zimo. Shangazi alinieleza kuwa hakuna aliyefurahi. Pesa isiyo na mwenyewe inatisha kuliko pesa iliyopotea. Wakaniita.

Nilifika, nikafungua kumbukumbu, dakika tano zilitosha. Siku ile binti alibonyeza mshale wa mkopo badala ya mshale wa malipo. Elfu 60 zilizoingia ziliandikwa kama elfu 60 zilizotoka, ndipo deni likawa maradufu na kisanduku kikazidi. Nikainua uso, nikasema: "Programu haina tatizo. Katibu alifinya vibaya." Sikuongopa. Ndivyo ilivyokuwa. Binti akafunika uso kwa mtandio, na mimi nikahisi nafuu, nafuu ile ya mtihani uliokwisha.

Kesho yake saa sita mchana nilikuwa ufukweni nikimsubiri shangazi amalize na wateja. Nikatoa simu ili nirekebishe kumbukumbu ya yule mama. Jua lilikuwa utosini na maji yanalirudisha. Kwenye kioo niliona uso wangu mwenyewe, na nyuma ya uso wangu, kwa mbali, vijiduara vinne vya rangi moja. Nikabonyeza malipo. Nilikuwa nimebonyeza mkopo. Mimi niliyezichora.

Hapo ndipo swali langu lilipoanza, na nimelibeba tangu siku hiyo: uzuri wa kitu ni wa nani, na nani analipa gharama yake?

Wapo watakaosema jibu liko wazi, uzuri ni mapambo, mapambo ni ya ziada, na cha msingi ni kitu kufanya kazi. Ndugu mmoja katika jumuiya yetu aliniambia hivyo hivyo nilipomsimulia, akaongeza onyo kuhusu israfu. Nilitaka kumkubali, maana ilikuwa toba nyepesi. Lakini dini yetu haisemi hivyo. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, kwa kuogopa kwamba huo ni kibri. Alijibiwa kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe ana uzuri na anaupenda, na kwamba kibri ni kitu kingine: kuikataa haki na kuwadharau watu. Nimeisikia hadithi hii kwenye mihadhara tangu utotoni, kila mara ikitumika kuturuhusu kupendeza. Safari hii niliisikia sehemu yake ya pili. Mama muuza mawese alisema haki, na kazi yangu nzuri ikaikataa. Katibu alikuwa mtu, nami nikamdharau mbele ya wenzake. Kiatu hakikuwa na kosa.

Mwaka 1995 watafiti wawili wa kampuni ya Hitachi huko Japani, Kurosu na Kashimura, walichukua mipangilio 26 ya vitufe vya mashine za kutolea pesa, wakawaonyesha watu 252. Waliwauliza juu ya kila mmoja kama ni mzuri na kama unaonekana rahisi kutumia. Majibu yalikwenda pamoja: uliopendeza ndio uliodhaniwa kuwa rahisi, hata pale ambapo urahisi wenyewe haukufuata uzuri kwa kiasi hicho. Mtafiti Tractinsky akairudia kazi hiyo Israel, akitarajia kwamba watu wa utamaduni mwingine watajibu tofauti. Uhusiano ukaonekana tena.

Darasani tunafundishwa utafiti huu kama habari njema, kwamba pambeni kazi zenu, watu watazivumilia. Mimi sasa nausoma kwa hofu. Kama uzuri humfanya mtu aamini kuwa kitu ni rahisi na cha kuaminika, basi uzuri ni ushahidi. Kioo kinachopendeza kinamwambia anayekishika: usiogope, hapa hakuna shimo. Kikiwa na shimo, ushahidi huo ni wa uongo. Wanawake wale wasingeliamini daftari la mistari dhidi ya mwenzao wa miaka mingi. Wangesema mwandishi alichoka, wino ulichanganyika. Waliiamini simu kwa sababu ilikuwa nadhifu.

Kwetu Rumonge mtoto wa muuza mawese anajua jambo hili kabla ya kujua kusoma. Mafuta huelea. Bidoni inaweza kuwa na maji chini na mawese mekundu mazuri juu, na ukichungulia mdomoni utaona mawese tu. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu haridhiki na kuchungulia.

Nanyi mnaijua ile hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) kuhusu rundo la chakula sokoni. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Tazameni jawabu alilopewa: aliulizwa kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakione, kisha likafuata onyo kali kuhusu mwenye kughushi. Muuzaji hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa mpangilio, kwa alichochagua kukiweka juu na alichokiacha chini. Sijui maelezo mafupi zaidi ya kazi yetu sisi tunaochora vioo vya simu. Mchana kutwa tunaamua nini kiwe juu.

Mtu atasema: muuzaji yule alijua kuna unyevu, wewe hukujua. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Tangu mwaka 2010, Mwingereza Harry Brignull alipoyapa jina lake, yanajulikana yale maumbo ya hila yanayotengenezwa kwa makusudi: kitufe cha kukubali kinang'aa, cha kukataa kimefifishwa; kujiunga ni hatua moja, kujitoa ni hatua kumi. Huo ni ughushi wa wazi na wala hauhitaji makala. Mimi nilikuwa na nia njema, na amali ni kwa nia. Lakini nia inaniondolea dhambi ya hila, haimrudishii mama yule Alhamisi zake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyeua kwa kukosea hahesabiwi kama aliyekusudia, na bado diya ipo. Kutokujua hakufuti kilichovunjika. Tena, nikijihesabu kwa ukweli, kutokujua kwangu nilikutafuta mwenyewe. Nilikuwa na wiki sita, na sikutoka nje ya chumba na simu hiyo hata mara moja. Upo mwongozo unaojulikana duniani kote, wa shirika la W3C, kwamba tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nilipokuja kuipima, rangi yangu ya kijivu haikufika hata 3. Kupima huko huchukua sekunde kumi.

Kinachonichoma zaidi ni ile aya ya deni, aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameweka katika kitabu chake ukurasa karibu mzima juu ya kuandika deni: mwandishi aandike kwa uadilifu, asiyeweza kuimlisha asimamiwe kwa uadilifu, deni dogo na kubwa lisichokewe kuandikwa, na mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Nilikuwa nikidhani mwandishi ni yule anayeshika kalamu, kwa hiyo katika kikundi chetu ni katibu. Lakini katibu aligusa duara tu. Aliyeamua duara hilo litaandika nini, kwa rangi gani, na kama litauliza kabla ya kuandika, ni mimi. Kwa hiyo tulikuwa waandishi wawili: mmoja alikosa uadilifu akiwa Bujumbura kwenye feni, na mwingine akadhuriwa Rumonge juani.

Nilirudi kwenye mkeka Alhamisi hiyo hiyo, nikasema hayo kwa maneno mafupi kuliko haya. Nikamwomba radhi katibu mbele ya watu wale wale. Shangazi hakusema kitu, alinipa chai.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo yule ndugu wa israfu hakuitegemea. Nilikwenda nikaunda toleo la pili kwa hasira za mtubiaji. Hakukuwa na picha wala rangi. Ukurasa mweupe, herufi nyeusi nene, vitufe vya mraba vikubwa kama matofali, kila kimoja na neno lake. Lilisomeka hata kwenye jua la saa saba. Nikalipeleka nikijiona nimefika kwenye zuhudi ya muundo.

Wakalikataa. Si kwa kelele. Walilitumia Alhamisi moja, kisha mmoja akasema kwa upole: "Hili umetutengenezea wagonjwa?" Mwingine akauliza picha ya maji imekwenda wapi. Shangazi ndiye aliyenifafanulia tukiwa njiani kurudi nyumbani, na nilimwelewa pole pole. Wanawake wale huchagua kanga nusu saa. Wakianika ndagala huzitandaza kwa namna ambayo mpita njia atatazama mara mbili. Walipopokea toleo la kwanza walijiona wamepewa kitu kama walichonacho wake wa wakubwa wa Bujumbura. La pili liliwaambia: ninyi ni wa kusaidiwa tu, uzuri si wenu. Nilikuwa nimewadharau kwa mara ya pili, kwa mlango mwingine.

Basi mizani si kugawa nusu kwa nusu, uzuri kilo moja na wepesi kilo moja. Nimetafuta mfano na nimeupata mahali ambapo kila msomaji wa jarida hili amepita, kwenye mkeka wa madrasa. Misahafu ya mwanzo iliandikwa bila nukta wala irabu. Waarabu wenyewe hawakuzihitaji. Uislamu ulipoenea kwa watu wa lugha nyingine, makosa ya usomaji yakaanza, na makosa mengine yalipindua maana. Historia inamtaja Abul Aswad ad-Du'ali, aliyeweka nukta kwa wino wa rangi tofauti kuonyesha irabu. Baadaye zikaja nukta za kutofautisha herufi, kisha Khalil bin Ahmad akaleta alama tunazozijua leo, fat'ha, kasra na dhumma. Wapo wema waliotangulia waliochukia nyongeza hizo, na sababu yao ilikuwa nzito, kwa kuwa waliogopa kuchanganya maneno ya Mola na kazi ya mikono ya watu. Hata hivyo haja ya msomaji ilishinda. Hakuna aliyewaambia Waajemi kwamba kosa ni lao. Na waandishi wa hati, wakina Ibn Muqla na waliomfuata, hawakuchukulia irabu kama uchafu kwenye ukurasa. Walizipima, wakazipa nafasi, mpaka leo ukifungua msahafu huwezi kusema wapi wepesi umeishia na uzuri umeanzia. Mimi nilifuta maneno chini ya alama zangu kwa sababu yaliharibu picha. Mwandishi wa hati angeipanga picha upya kuyazunguka maneno.

Darasani bado kuna wanaonipinga, na hoja yao si dhaifu. Wanasema huwezi kumngoja kila mtu, na kwamba mtumiaji naye ana wajibu wa kujifunza. Nakubali wajibu huo upo. Ila nawauliza anajifunza kwa gharama ya nani. Mwanafunzi akikosea kwenye mchezo wa simu anaanza upya. Mama akikosewa kwenye deni anaitwa mwizi na watu atakaokutana nao msibani na harusini maisha yake yote. Pale ambapo kosa linaangukia heshima ya mtu asiyeshika simu, nadhani mchoraji hana haki ya kusema mtumiaji angejifunza.

Toleo la tatu lina picha. Maneno yapo chini ya kila alama, kwa Kiswahili na Kirundi, na kabla ya kuandika chochote simu inauliza kwa sentensi nzima: fulani amerudisha faranga kadhaa za mkopo wake, ni kweli? Katibu husoma sentensi hiyo kwa sauti, mwenye pesa huitikia. Mikopo na malipo havikai tena jirani. Picha ya zamani waliikataa, kwa sababu nyingine kabisa. Walipoikuza walibishana mtumbwi ule ni wa nani, wakagundua si wa Rumonge wala wa ziwa lolote wanalolijua. Kweli, niliutoa kwenye intaneti. Ya sasa aliipiga katibu mwenyewe asubuhi moja, ndagala zimetandazwa mchangani na maji nyuma yake. Nimetia kivuli pale maneno yanapokaa ili yasomeke.

Kwa mama muuza mawese nilikwenda peke yangu. Alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho akiwa anamimina mafuta, akasema amenisamehe, na akaniuzia lita mbili bila kunipunguzia. Amerudi kwenye kikundi. Huja kila Alhamisi na daftari lake la mistari ndani ya mfuko wa plastiki. Sentensi ikishasomwa kwenye simu huitikia, kisha huandika na yeye, taratibu, na katibu humsubiri amalize.